Mkwe Hatajwi, Hata Kwenye Kompyuta

Hakuna kinachonipandisha hasira kama paswedi ya ukoo. Chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kakao, huku Ndandalo, Kyela, kilikuwa nayo moja tu, na kila mtu aliijua, mama muuza maandazi akiwemo. Mimi ni fundi kompyuta, kibanda changu kiko Bondeni mjini, na wazazi wangu ni wanachama, kwa hiyo nikajitolea. Nikapakua programu huria, ya bure, inayotunzwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Kazi yake ni kujua nani ni nani, na nani aruhusiwe kuingia wapi. Kila mtu akapata paswedi yake. Nikajiona mjanja kweli, kumbe akili nyingi huondoa maarifa.

Siku ya kwanza karani alipima magunia, akaingiza uzito, kisha akakwama. Ili mwenyekiti aidhinishe mzigo kwa simu yake, karani alitakiwa kwanza achague jina la mwenyekiti huyo kwenye skrini. Akaweka mikono mapajani.

"Bonyeza hapo, dada," nikamwambia.

"Siwezi, fundi."

Nikadhani haoni vizuri. Nikakuza herufi mpaka jina la mwenyekiti likajaa skrini nzima. Dada wa watu akaruka kutoka kwenye kiti, akajifunika uso kwa kanga. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwenyekiti ni baba mkwe wake. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, na hawaongei ana kwa ana. Nyumba nyingi zimeshalegeza. Ya kwao haijalegeza hata kidogo; hata kulibonyeza jina ni kumtaja.

Foleni ikaanza kunung'unika. "Atafutwe karani ambaye si mkwe wa mtu," akasema mzee mmoja.

"Kyela hii utampata wapi?" mama mmoja akamjibu, watu wakacheka.

Karani hakucheka. Kazi ile alikuwa ameisubiri tangu amalize chuo, na kamati ilimpa muda hadi siku ya mnada wa kakao: abonyeze au ampishe mwingine. Ningeweza kumbonyezea mimi kwa paswedi yake, lakini hapo tungekuwa tumerudi kulekule kwa mama maandazi. Iliniuma, maana balaa lote nimelileta mimi na ujanja wangu.

Programu za bure hazina ofisi ya kwenda kugombana nayo. Zina jukwaa mtandaoni, watumiaji wanaulizana na kusaidiana. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: nifanyeje mtumiaji amchague mtu asiyeruhusiwa kumtaja? Wa kwanza akaniuliza kama kibodi ni mbovu. Wa pili akanielekeza kwenye swali la mtu aliyesahau paswedi. Nilimjibu maneno ambayo msimamizi wa jukwaa aliyafuta, na alifanya vizuri.

Kisha akajitokeza mama mmoja wa Afrika Kusini. Kwao pia, akasema, mke hatamki jina la baba mkwe. Ruhusa usimpe mtu, ipe cheo, na jina lifiche. Akanitumia maelekezo yote, hatua kwa hatua, mtu ambaye sijawahi hata kumsalimia.

Asubuhi ya mnada skrini ilionyesha neno moja tu: Mwenyekiti. Karani akachungulia kwanza kwa jicho moja. Akabonyeza. Foleni ikasogea, magunia yakapakiwa, na yule mzee aliyetaka karani mwingine akadai eti yeye alikuwa anatania.

Tulipokuwa tunafunga, kompyuta ikalia. Mwenyekiti ameidhinisha mzigo wa mwisho, na chini yake, kwenye nafasi ya maoni, ameandika: "Kwa Karani. Ndaga fijo. Kazi yako naiona."

Miaka yote ya ndoa yake, baba mkwe hakuwahi kumwambia asante yeye mwenyewe. Karani akausoma ujumbe, akaurudia.

"Fundi, haya maneno hayatajifuta?"

"Hayafutiki."

"Na kujibu, naruhusiwa?"

Nikamwambia, mkwe sijui, lakini karani anaruhusiwa. Kisha nikatoka nje, nikamwacha aandike.