Masizi ya Gari la Shemeji

Gari la shemeji yangu lilikuwa na tabia ya kukataa kuzimwa. Unazungusha ufunguo, unautoa, unautia mfukoni, na injini bado inakohoa na kujitikisa kama mtu anayeendelea kubishana baada ya kikao kufungwa. Majirani wa Nyasura, pale Bunda, walishalizoea. Jioni shemeji aliporudi kutoka Kabasa, anakouza dagaa, dada yangu alilisikia likisimama mlangoni, akaanza kupakua ugali, na mpaka mumewe ananawa mikono, huko nje lilikuwa bado linamalizia maneno yake.

Mimi nilikuwa nimefikia kwao nikitokea Kisorya, ambako nilifanya kazi ya kufunga na kufungua kamba za kivuko mpaka nikachoka kuangalia maji yaleyale. Ndivyo nilivyo. Nikikaa mahali na kuelewa kila kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha. Shule niliiacha kidato cha pili. Njiani kulikuwa na kinu cha kuchambulia pamba, siku moja nikaingia kuangalia mikanda inavyozunguka, nikachelewa darasani. Kesho yake nikachelewa tena. Baadaye nikawa naenda kinuni moja kwa moja. Tangu hapo nimeendesha lori la pamba, nimesaga mawe ya dhahabu, nimechunga mizigo ya watu. Cheti pekee nilichonacho ni leseni ya udereva, na safari hii ndiyo iliyohitajika.

Jambo lilikuwa mama. Anaishi Butiama, ndani kidogo kutoka barabarani, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ule unaoitwa mtoto wa jicho. Hospitali ya Musoma ilimpangia siku ya upasuaji, hakwenda. Ikampangia nyingine, akasema ana kuku wanaoatamia. Safari hii alikubali, lakini pikipiki hapandi, kwa sababu moja ilishamwangusha, na kwa miguu hafiki kituo cha basi. Ilibaki gari la shemeji. Ila shemeji mwenyewe asingeweza kumwendesha. Kwetu mkwe na mama mkwe hawabanani hata chumba kimoja, sembuse ndani ya gari dogo ambamo magoti ya mmoja yanagusa mgongo wa mwingine. Kwa hiyo dereva ni mimi.

Shemeji alinipa ufunguo kwa uso wa mtu anayekabidhi ng'ombe mgonjwa. Fundi mmoja alishamwambia injini imekwisha, itolewe iwekwe nyingine, naye alikuwa amempata mtu wa kulinunua kwa ajili ya vipuri.

"Likifia huko, shemeji, mlizike hukohuko," aliniambia. "Mimi usiniletee maiti."

Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Nilipoiacha barabara kuu pale Kiabakari na kuanza kupanda kuelekea Butiama, likaanza kugonga. Ni sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na kadiri ulivyokanyaga mafuta ndivyo kokoto zilivyoongezeka. Kwa mama nilifika na mshale wa joto ukiwa juu kabisa. Nilizima, nikashuka, nikamsalimia, na gari likaendelea kukohoa nyuma yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kulisikia.

Mama alisimama mlangoni, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama afanyavyo siku hizi anapotaka kuona kwa masikio.

"Hilo gari linakataaga kunyamaza?"

Nilimweleza ninachokijua. Gari la zamani likiendeshwa miaka mingi safari fupifupi, nyumbani mpaka sokoni na kurudi, injini haipati nafasi ya kuchemka sawasawa. Petroli haiungui ikaisha. Masizi yanaganda juu ya pistoni, ngumu, kama yale ya chini ya sufuria. Yakipata moto yanabaki mekundu kama makaa, na yale makaa yanawasha petroli kabla ya wakati wake. Ndiyo maana linagonga, na ndiyo maana ukizima halizimi.

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo nalo lina mtoto wa jicho."

"Linao, mama."

"Na daktari ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulisomea wapi, baba?"

Nilicheka, naye akacheka, kisha akasema upesi kwamba kama gari ni bovu basi tusilitese, tuache tu, hospitali haihami. Alisema upesi mno. Niliingia ndani kuweka begi langu, nikaona hajafunga hata nguo moja. Kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto kulikuwa na alama mpya ya kuungua. Alikuwa amejimiminia chai akidhani anamimina kwenye kikombe. Upasuaji ulikuwa keshokutwa. Nilijua gari likishindwa, hatakuwa na haja ya kusema anaogopa. Atasema gari lilikataa, na hakuna atakayemshawishi mara nyingine.

Nikavua shati.

Kufuta masizi bila kuifungua injini nilikuwa nimeona kwa mtu aliyetunza magari ya kile kinu cha pamba. Unatoa plagi, unamimina ndani ya silinda kitu cha kuyalainisha, unaacha usiku kucha. Yeye alichanganya mafuta ya taa na oili nyekundu, ile ya usukani. Oili hiyo, na ya injini, nilikuwa nimekuja nazo kutoka Bunda kwa tahadhari, mafuta ya taa yalikuwepo kwenye kibatari na chupa yake. Nilichokosa ni kitu cha kuingizia na kunyonyea, maana matundu ya plagi ni membamba na yako chini.

Jirani wa mama ni mzee mfugaji, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Nilikwenda kumwomba bomba la sindano analochanjia ng'ombe, lile kubwa. Aliniuliza ni la ng'ombe gani. Nikamwambia ni la gari. Aliniangalia, akaliangalia gari kwa mbali, akauliza kama limeshikwa na homa ya ndigana. Hata hivyo alinipa, na kipande cha mpira cha kuchomeka mbele yake.

Pistoni zote zinatakiwa ziwe katikati, zisiwe juu wala chini, ili dawa ikae sawa. Mle ndani huoni. Nilichomoa vijiti kwenye ufagio wa mama, nikatumbukiza kimoja kwenye kila tundu, nikawa nauzungusha mkanda wa injini kwa mkono taratibu, vijiti viwili vikipanda na viwili vikishuka, mpaka vyote vikalingana vichwa. Mama alikuja akavigusa kwa ncha za vidole, kimoja baada ya kingine. Aliniambia niendelee kuuzungusha, akacheka peke yake vilipokuwa vinampanda na kumshuka mkononi. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kujua kuna nini ndani ya kile anachokipanda.

Nikapiga sindano. Hapa nilikosea: nilipoona dawa inapungua kwa kupenya pembeni ya pistoni, nikaongeza. Halafu nikaongeza tena, kwa ile akili yetu ya dawa ya kuogeshea mifugo, kwamba ukiikoleza ndiyo kupe wanakufa kweli.

Asubuhi nilinyonya iliyobaki, ikatoka nyeusi kama lami, na vipande vigumu vikiogelea ndani yake. Nilifurahi kuviona. Nilifunika matundu kwa tambara na kuizungusha injini bila plagi iteme mabaki, maana ukizirudisha plagi kukiwa na majimaji ndani, pistoni itayagonga na utavunja chuma. Ilitema mpaka kwenye ukuta wa jiko. Nikabadilisha oili, nikasugua plagi kwa msasa, nikazirudisha, nikawasha.

Ilikataa. Nikaipumzisha, nikajaribu tena, ikakataa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage kwa vidole, na nilihisi matumaini yake na yangu yanakwenda njia tofauti. Mara ya tatu ikashika.

Moshi kama ule uliotoka sijawahi kuuona tena. Ulikuwa mweupe, mzito, ukatambaa chini kwanza, ukajaza ua, ukapita juu ya jiko, ukashuka bondeni na upepo. Ilikuwa ile dawa niliyoizidisha, na lazima uiache iungue yote. Nilisimama nimeshika waya wa mafuta pale kwenye kabureta, injini ikinguruma, nikawa nadondoshea maji kidogo kidogo kwa mkono mwingine ili mvuke ung'oe masizi yaliyobaki. Niliogopa kuachia. Ikizima kabla haijajisafisha, plagi zingelowa, na pengine isingewaka tena siku ile.

Ndipo ng'ombe walipofika.

Kwetu ng'ombe wakirudi jioni huwashiwa moto wa samadi, moshi ukafukuza nzi, nao hupanga foleni kuusimamia kama watu wanaoota jua. Hawa walikuwa wamepelekwa malishoni muda si mrefu. Waliuona moshi, wakaamua siku imekwisha. Walipanda kutoka bondeni wakitembea bila haraka, wakaingia uani, wakalizunguka gari na kusimama, wengine wamefumba macho. Dume moja liliweka kidevu juu ya taa ya mbele, chini ya boneti iliyo wazi.

Nyuma yao akaja mzee, fimbo begani, anahema.

"Nani kawasha moshi saa hizi?" aliuliza. Akaniona. "Nilikupa sindano, sikukupa ng'ombe."

Nilimwomba radhi kwa kupaza sauti kuishinda injini. Aliwapiga, wakasogea na kurudi. Akasema nizime. Nikamwambia siwezi. Akasema basi watashinda hapa, na kesho, na mimi ndiye nitakayewakatia majani. Mpaka leo sijui tungemalizaje. Aliyemaliza ni mama. Aliinuka kwenye kigoda, akaingia ndani, akakaa humo kidogo, akatoka na kifurushi na mkeka. Alipita katikati ya ng'ombe akiwasukuma kwa kiwiko, akapapasa mpaka akaupata mlango wa nyuma. Akautandika mkeka wake juu ya kiti, kwa sababu kiti cha mkwe hakikaliwi hivihivi, akaukalia, akafunga mlango.

Nilimwambia safari ni kesho.

"Twende sasa hivi," alisema. "Usiizime. Ukiizima, na mimi nitazima."

Mzee aliacha kupiga ng'ombe. Alimtazama mama, akaja akanishikia waya mpaka nikakaa kwenye usukani, kisha akanifungia boneti mwenyewe. Alitufungulia njia kwa fimbo, na nilipompita alisema dirishani, taratibu kuliko nilivyomzoea, kwamba kuku wa mama atawaangalia yeye.

Basi niliondoka nilivyo, kifua wazi, shati nimelirusha kiti cha mbele. Moshi ulitufuata kama mkia. Watu walisimama pembeni ya barabara kutuangalia, na mama alikuwa akiniuliza wanasema nini. Nilikanyaga mafuta. Kilichobaki ndani kilitaka kuendeshwa kwa nguvu, kichomwe na kutemwa. Kila mlima nilikuwa nasubiri kokoto. Mlima wa kwanza sikuzisikia. Nikadhani ni kelele za upepo zimezifunika, nikapandisha kioo. Mlima uliofuata nao ukapita. Tulipofika Makutano niliangalia kwenye kioo cha juu nikaona barabara nyuma yetu, safi, na mama amelala, mdomo wazi, kifurushi kifuani.

Kwa mama mdogo, Bweri, mjini Musoma, nilisimamisha gari chini ya ukuta. Nilikaa kidogo na mkono kwenye ufunguo. Kisha nikazungusha.

Likanyamaza hapohapo. Niliweza kusikia kuku, na redio ya nyumba ya tatu. Mama aliamka kwa ule ukimya.

"Limekubali?"

"Limekubali, mama."

"Haya," alisema, na akashuka.

Madaktari walianza na jicho la kulia. Siku ya kufunguliwa bandeji mama mdogo naye alikuwepo, na mama alimwangalia mdogo wake muda mrefu kabla ya kumwambia amezeeka. Mama mdogo akasema yeye pia. Walishikana wakacheka hadi muuguzi akawatuliza. Nilitoka nje kumpigia shemeji. Aliuliza mara mbili kama ni kweli likizimwa linazima, kisha akasema yule mtu wa vipuri atatafuta gari jingine. Niliegemea ukuta na kugundua kuwa mabega yangu, yaliyokuwa yamepanda tangu Butiama, yameshuka.

Jioni, nyumbani kwa mama mdogo, nilikuwa namtolea mama miiba ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani anaowapenda, kama nilivyofanya tangu tufike. Alinikamata mkono ukiwa juu ya sahani. Akaugeuza chini ya taa, akaziangalia kucha, akaangalia mistari ya kiganja iliyojaa weusi.

"Na jana ulinilisha kwa mikono hii?"

Nikamwambia ni masizi ya gari, yameingia kwenye ngozi, sabuni imeyashindwa. Aliagiza maji ya moto na majivu. Nilisema nitanawa mwenyewe. Hakunisikiliza. Aliuweka mkono wangu kwenye beseni na kuanza kuusugua, kidole kwa kidole, amekunja uso na kuinama karibu sana, kwa jicho moja, akitafuta palipobaki.