Mvua Niliyoitia kwa Kata

Nimewanyima maji majirani zangu. Sikufunga mfereji wala sikuziba kisima. Niliwapa mvua isiyonyesha. Nawaambia nyinyi kwa sababu nyumbani nikisema watacheka kwanza, kisha ndiyo wakasirike, na mimi nataka mtu akasirike kwanza.

Jina langu mniwie radhi. Mimi ni bibi wa hapa Mtopanga, skuli nilitolewa kabla sijazoea dawati, lakini jina la mtu sijapata kulisahau. Kwa hivyo langu silitaji, ya wengine mtayapata.

Alikuja Daktari Nafula, mtu wa Bungoma. Si daktari wa sindano, ni daktari wa maji. Yeye ndiye aliyeongoza utafiti, na vijana wake wote na mabuti yao ya mpira walimtazama uso kabla ya kutia mguu mahali. Kazi yao ilikuwa kujua maji yakizidi yanafika wapi, na yakikosekana yanakosekana kwa nani.

Uani kwangu hakuna mti, basi akachimbia hapo mkebe wa kupimia mvua.

"Bibi, kazi yako ni moja. Usiuguse. Watoto wasiuguse, mbuzi wasiuguse. Tutakuja kuumimina wenyewe."

"Nimekufahamu, mwanangu. Ni amana."

"Haswa!"

Masika yale ilinyesha mvua ya kutisha. Maji yalifika dirishani kwa Saumu Mwinyi, yakaondoka na godoro la Karisa, yakamchukua kuku wa Bi Zuhura, jina lake Salama. Daktari akapita akipiga alama za rangi kutani, hapa yamefika, hapa yamefika. Akija kwangu anamimina mkebe kwenye bilauri ndefu ya mistari, anaandika, kisha anakula mbaazi zangu kwa mahamri. Bakuli nililompa aende nalo alilirudisha na majani ya chai ndani. Mtu wa Bungoma! Nikasema huyu amelelewa.

Maana sisi huku chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa sahani ya pilau, unairudisha na chochote, hata ndimu, hata chumvi. Mamangu Mwanamkuu alinichapa kwa hilo, nami nimewachapa wanangu kwa hilo hilo.

Kikaja kiangazi. Kisima cha mtaa kikawa chumvi, kisha kikawa tope. Daktari akaja, akafungua mkebe: pakavu. Akaandika, akashukuru, akaenda. Akaja tena, akauinamisha, akatoka mjusi.

Aibu niliyoiona! Mgeni ameweka chombo chake kwangu, na kila akija kukiangalia anakikuta kitupu. Kwangu mimi!

Basi alipokuwa karibu kuja tena, nikachukua kata, nikachota maji ya kunywa mtungini, nikayachuja kwa kitambaa, nikamtilia kidogo. Si mengi. Ya heshima.

Daktari akamimina, akakunja uso. "Bibi, huku kulinyesha?"

"Kidogo."

"Mbona hapo jirani Mishomoroni hakukunyesha?"

"Mvua ya pwani hiyo, mwanangu. Inachagua."

Na kweli huchagua, hata yeye analijua hilo. Akaandika. Nikajisikia vizuri sana. Nikaendelea kumtilia, na kwa kuwa dereva wake Mutua alikuwa akinipigia simu kwanza kuuliza kama nipo, sikupitwa hata safari moja.

Mtaani kulikuwa na mikebe mingine, mmoja msikitini na mmoja kanisani kwa Pasta Mwangome. Yote iliibwa na watu wa vyuma vikuukuu. Ukabaki wangu. Nikajiona mwaminifu kuliko msikiti na kanisa. Astaghfirullah!

Kumbe kulikuwa na tangi kubwa la msaada linatafuta pa kuwekwa, pamoja na lori la kulijaza. Wenye tangi walimuuliza Daktari pakavu zaidi ni wapi.

Hapa niwaambie habari za Kadzo. Kadzo ni mpangaji wa chumba cha nyuma, uani petu ni pamoja. Kazi yake ni kufulia watu nguo, ndiyo sahani ya wanawe. Bila maji hana kazi. Huniita mayo, yaani mama kwa Kigiriama, na mimi humwita mwanangu.

Tukaitwa barazani. Daktari akasimama, akasema Mtopanga imepata mvua kidogo, Mishomoroni haijapata hata tone, kwa hivyo tangi linakwenda Mishomoroni.

Kelele!

"Mvua gani?"

"Umeota, Daktari!"

"Apimwe yeye kwanza!" Huyo alikuwa Karisa, bado ana uchungu wa godoro.

Daktari akangoja wanyamaze. "Mimi sina maneno, nina kipimo. Na kipimo kinalindwa na mtu mnayemheshimu wote." Akaninyooshea mkono.

Kadzo akainuka. "Mayo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi na wewe ua ni mmoja. Kwako ilinyesha?"

Macho yote kwangu. Daktari naye ananitazama, ametabasamu, ana hakika na mimi. Nikaona nikisema hapana nimemvua nguo mgeni wangu mbele ya halaiki.

Nikasema, "Kidogo."

"Haya, mayo," Kadzo akasema, akaketi.

Tangi likaenda. Kadzo akajaribu kuchota huko, akatolewa kwenye foleni, akaambiwa maji ni ya wa huko. Nguo za watu akawarudishia chafu vile vile. Mwisho akafunga virago, akahamia Mishomoroni na wanawe, chumba kibovu kushinda changu, ila kiko karibu na tangi. Nilibaki na ua wenye kamba zisizo nguo.

Nikampigia Mutua, nikamwambia niletee mkuu wako. Daktari alipoketi nikamwambia yote.

"Maji uliyatoa wapi?"

"Mtungini."

"Ya kunywa? Kiangazi kile?"

"Sasa nikutilie ya tope?"

Akacheka kidogo, kisha akaufunika uso kwa mikono. Hakunifokea. Upole wake ndio ulioniua! Akanieleza kwamba kipimo kikishatiwa mkono, hakuna ajuaye mkono ulianza lini. Itambidi aandike kwa wakubwa wake kwamba hesabu ya maji ya kwangu yote itupwe, hata ya masika. Na mtaro tuliokuwa tuchimbiwe kwa ajili ya mafuriko yale utangoja apime upya.

"Wallahi ya masika ni ya Mungu!" nikamwambia.

"Naamini, Bibi. Lakini siwezi kuandika kwamba naamini."

Nikaenda Mishomoroni kwa miguu yangu hii. Kadzo nilimkuta na povu hadi kwenye viwiko. Nikaanza kumweleza, hata sijafika kwenye kata, akanikatiza.

"Mayo, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikuona ukitia. Nilikuwa naanua nguo."

"Na ukanyamaza mbele ya watu?"

"Sikunyamaza. Nilikuuliza." Akakamua shuka. "Nilidhani nikikuuliza utasema mwenyewe. Ningekuumbua vipi, mtu mzima kama wewe?"

Yarabi! Mimi nilimsitiri mgeni, Kadzo akanisitiri mimi, na mtaa mzima ukakaa na kiu.

Wazee wenzangu, nawaomba. Akija mtu wa kupima na kwako hakuna kitu, mwache akute hakuna. Mpe kiti, mpe chai kama ipo, lakini usimtilie. Na nyinyi vijana mnaotuona tukitia, msitungoje tuseme. Tuumbueni hapo hapo, mbele za watu. Tutanuna. Tutawanunia sana. Kisha tutakunywa maji.