Nati za Upande wa Kushoto

Kiptanui hakuwa mtu wa kuzungumza na vyuma. Hiyo ilikuwa tabia ya rafiki yake Kinyanjui, na Kiptanui alikuwa akimcheka kwa ajili yake. Lakini Alhamisi ile, akiwa amepiga magoti kwenye vumbi kando ya gurudumu la nyuma la pikapu, upande wa kushoto, alijisikia akiiuliza nati kwa sauti, "Wewe, nimekukosea nini?" Nati haikusema kitu. Majirani wa mtaa wa Bondeni, hapo Nakuru, waliopita njiani nao hawakusema kitu, na hao ndio waliomuuma zaidi, maana wao walikuwa na midomo.

Gurudumu lile lilikuwa lazima litoke kabla ya Jumamosi. Mwanzo wa wiki Oyoo, Mjaluo aliyefanya kazi kwenye gari moshi, alisimama nje ya ua, akatazama huku na huku kama anayekuja kuiba kuku, kisha akasema habari yake upesi upesi.

"Rafiki yako wanamwachilia. Nimemwona huko kambi ya kizuizini, gari yetu ilisimama kutia maji. Jumamosi mchana watamteremsha Longonot. Kijiji walichohamishiwa watu wake iko mbali na reli, juu kabisa, na miguu yake haiko sawa. Ameniuliza kama pikapu bado inatembea."

"Ukamwambia nini?"

Oyoo aliitazama pikapu, akalitazama tairi lililolala chini kama andazi lililokaliwa. "Nimemwambia inatembea. Sasa wewe ujue vile utafanya." Akaenda zake bila hata kunywa maji.

Pikapu hiyo Kiptanui na Kinyanjui waliinunua pamoja kwa mzungu mmoja wa Njoro aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na watu waliona kioja: Mkipsigis na Mkikuyu, gari moja, mfuko mmoja. Kiptanui ndiye aliyekuwa na laisensi, basi akashika usukani. Kinyanjui akajiita taniboi wake, yaani msaidizi wa dereva, ingawa nusu ya gari ilikuwa mali yake. Wakabeba viazi na kabichi kutoka Molo mpaka soko la Nakuru, wakaitana Dereva na Taniboi hadi watu wakasahau majina yao. Kazi ya kulitunza gari nayo waliigawa kama walivyokaa ndani yake: upande wa kulia wa dereva, upande wa kushoto wa taniboi. Hakuna aliyeugusa upande wa mwenzake. Tairi likipasuka kulia, Kiptanui alishuka na spana. Likipasuka kushoto, alibaki kwenye kiti akavuta sigara yake kwa raha zote. Ulikuwa mpango mzuri, wa watu waliodhani watakuwa pamoja siku zote.

Kila Jumapili baada ya kanisa walitoa magurudumu ya nyuma kusafisha breki, na hapo yakawa mashindano. Mmoja huku, mwingine kule, migongo imeinama, na vikombe viwili vya chai vimewekwa juu ya kibao cha mkiani, kila kimoja kwenye pembe ya mwenyewe. Kinyanjui alikuwa mashoto. Mkono ule wa kushoto ulimletea fimbo nyingi utotoni, na bado aliutumia kwa kisu, kwa jembe na kwa spana. Siku ya kwanza kabisa ya kazi hiyo, alianza kumweleza Kiptanui jambo fulani, ameinua spana kwa ule mkono wake wa kushoto. Kiptanui aliucheka mkono mpaka machozi yakamtoka, na alichokuwa akiambiwa hakukisikia.

Kisha ikaja Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni kwa ajili ya Mau Mau. Asubuhi moja askari waliuzunguka soko, wakawatenga Wakikuyu, wakawapandisha kwenye malori. Kinyanjui alikuwa juu ya magunia. Akashuka, akamkabidhi Kiptanui spana aliyokuwa ameishika kama mtu anayekwenda haja ndogo na kurudi, akaenda.

Hakurudi. Miaka ikapita, na Kiptanui akajifunza jinsi mji wenye watu wengi unavyoweza kuwa mtupu. Wateja wao wa viazi walikuwa wamehamishwa. Watu wa kabila lake walimwona mtu wa hatari, mwenye gari la Mau Mau uani. Mkewe Chepkorir, aliyekaa Kericho na watoto kwenye shamba, kila alipokuja alisema neno lile lile: "Uza hii kitu, baba Kipkemoi. Inakuletea macho ya watu." Hakuiuza. Tairi la kushoto lilipasuka wiki chache baada ya Kinyanjui kuchukuliwa. Alijaribu kulitoa, nati zikagoma, akaliacha pale pale uani na kutafuta kazi ya kulinda stoo ya mahindi. Injini tu ndiyo aliyoiweka hai. Kila Jumapili alizungusha hendeli, akaiacha ingurume kidogo huku amekaa kwenye kiti chake cha dereva, haendi popote. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya wiki.

Sasa, tangu Oyoo aondoke, alikuwa amezijaribu nati zile kila njia anayoijua. Alizimwagia mafuta ya taa akaziacha zilale nayo usiku kucha. Alizisugua kutu kwa brashi ya waya. Alizigonga kwa nyundo pande zote ili zishtuke. Alichomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, mtu mzima, shemasi wa kanisa, akirukaruka kama mtoto kitandani. Alikwenda hata kwa fundi Mhindi mjini. Fundi, bila kuinua macho, akamwambia alilete gari gereji. Lakini kama gari lingeweza kufika gereji, yeye angekuwa na shida gani?

Kila mtu aliyewahi kushika spana anajua kwamba nati hufunguka kuelekea kushoto. Basi Kiptanui aliuelekeza mkono wa spana kushoto kwake, upande wa mbele ya gari, akaukanyaga kwa nguvu alizopewa na Mungu. Alhamisi hiyo asubuhi kitu kililia, akafurahi. Kumbe bolti ilikuwa imekatika, na nati yake ikaanguka vumbini na kipande cha chuma ndani. Zikabaki nne. Akakaa chini, akakiokota kipande kile, na kwa mara ya kwanza akamwona Kinyanjui waziwazi: amekaa peke yake kwenye stesheni ya Longonot, anaangalia barabara, anaambiwa na kila anayepita kwamba hakuna gari linalokuja. Atajua Oyoo alidanganya. Ataona mwenzake alimsahau. Wazo hilo lilimchoma Kiptanui hadi akasimama.

Alikwenda ndani akachemsha chai. Aliporudi alikiweka kikombe juu ya kibao cha mkiani, pembe ya kushoto, kwa mazoea tu, maana ndipo kikombe cha upande ule kilipowekwa siku zote. Akarudi kwenye spana yake, akakanyaga, akatoka jasho, akanyoosha mkono anywe. Mkono haukufika. Ilibidi aache kazi, alizunguke gurudumu, aende mpaka mkiani. Akanywa, akarudi. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, akatoa neno ambalo shemasi hapaswi kulitoa.

Mbona Kinyanjui hakuwahi kuinuka kufuata chai yake?

Kiptanui alisimama na kikombe mkononi, akifikiri. Alikuwa akimwona Kinyanjui kila Jumapili ng'ambo ya pikapu. Hakuziona nati wala spana, alikiona kichwa na mabega tu, na kichwa kile kilikuwa mkiani, sambamba na chake. Walikuwa wakikanyaga pamoja, wakinywa pamoja, wakitazamana juu ya kibao. Yeye, kwenye gurudumu la kulia, kushoto kwake kulikuwa ni mkiani. Lakini huku, upande wa pili, kushoto kwake kulikuwa ni mbele ya gari. Kama Kinyanjui alisimama mkiani, basi alikuwa akiukanyaga mkono wa spana ulioelekea kulia. Na mtu anayekanyaga kulia anakaza, hafungui.

"Ni ule ushoto wake," Kiptanui alijiambia, lakini hakuamini tena. Mtu anaweza kuwa mashoto, nati haina mkono.

Akaihamisha spana. Akauelekeza mkono wake mkiani, akasimama pale pale aliposimama Kinyanjui, akijua kwamba bolti zilizobaki zilikuwa nne, na ikiwa amekosea atazimaliza zote. Akaweka mguu. Akakanyaga polepole. Nati ikatoa mlio mrefu, kisha ikalegea chini ya mguu wake.

Kwa hiyo nati za upande huu zilifunguliwa kulia, kinyume na nyingine; nguvu zake zote, na mafuta yote, na kurukaruka kote, alikuwa akizikaza! Kiptanui alicheka. Alicheka kwa sauti ambayo ua ule haukuwa umeisikia kwa miaka, akapiga kibao kwa kiganja, akapaza sauti, "Taniboi! Kumbe upande wako ni wa kukaza!" na akainua macho ng'ambo ya pikapu.

Hapakuwa na mtu. Pale mkiani upande wa kulia, mahali pake mwenyewe pa zamani, palikuwa na ukuta wa mabati tu. Jirani yake Anyango, aliyekuwa akianika nguo, alimtazama mtu huyu anayecheka na gari, akamshika mtoto wake mkono, akaingia naye ndani. Kiptanui akaondoa kiganja chake kwenye kibao. Jambo hili lilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kuambiwa, na mtu huyo hakuwapo. Alizifungua nati tatu zilizobaki kimya kimya, akiwa na upweke mwingi kuliko alipokuwa ameshindwa.

Jumamosi pikapu ilipita Gilgil na Naivasha kwa bolti nne upande wa nyuma kushoto, na dereva akajizoeza njiani namna ya kusimulia kisa chake. Stesheni ya Longonot ilikuwa na vumbi na upepo. Treni ilikuwa imekwisha kupita. Mtu mmoja alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na reli, amejifunga blanketi, mwembamba hivi kwamba Kiptanui alimpita kwanza akimtafuta Kinyanjui.

"Dereva," mtu yule akaita.

Walishikana mikono, na Kiptanui akasema mengi na hakuna hata moja lililokuwa la maana. Akamwinua, akampandisha upande wa kushoto. Kinyanjui aligusa mlango, akagusa kiti, akalaza kichwa nyuma. Njia nzima ya kupanda alifumba macho. Kiptanui alikuwa na kisa chake mdomoni na hakujua pa kukiingiza.

Walipofika nusu ya mlima alisimamisha gari ili akague nati, maana gurudumu lililofungwa upya halifai kuaminiwa. Kabla hajazima injini Kinyanjui alikuwa anashuka, kwa shida, amenyoosha mkono wa kushoto.

"Leta spana. Huku ni kwangu."

Kiptanui akampa. Vidole vya Kinyanjui vilijaribu kujikunja juu ya chuma, vikakataa, na spana ikaanguka barabarani. Wote wawili waliitazama. Kiptanui hakumuuliza walimfanya nini kwenye mkono ule. Aliinama, akaiokota, akaziangalia nati mwenyewe, na ili wasiendelee kuutazama mkono ule, akasema alichokuja nacho.

"Nimekaza hizi nati wiki nzima nikidhani nafungua, bwana. Nimevunja bolti. Kwa nini hukuniambia upande wako ni tofauti?"

Kinyanjui alimtazama, na kwa mara ya kwanza kitu cha zamani kikapita usoni mwake.

"Nilikuambia siku ya kwanza," alisema. "Ulikuwa unacheka mkono wangu."

Kiptanui akairudisha spana chini ya kiti. Walipanda, wakafika kijijini, mahali pa nyumba zilizopangwa kwa mistari na askari getini. Wangui, mke wa Kinyanjui, alitoka mbio, kisha akapunguza mwendo alipomwona mumewe, akaja kwa kutembea. Askari akasema mgeni haruhusiwi kuingia.

"Utakuja Nakuru lini?" Kiptanui aliuliza kupitia dirishani. Alijua kwamba Mkikuyu hakai Nakuru bila karatasi. Alitaka tu aambiwe kitu kingine.

"Hata wakinipa ruhusa, nitafanya kazi gani na huu mkono?" Kinyanjui aliupiga mlango wa kushoto kidogo kwa kifundo cha mkono, kama mtu anayeaga ng'ombe. "Huu upande pia ni wako sasa, Dereva. Kumbuka, kulia."

Akaingia getini ameshikwa na mkewe, na hakugeuka.

Karibu na Gilgil Kiptanui alisimamisha gari akazikagua tena nati. Zilikuwa imara. Alifungua mlango wa kushoto, akakaa kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia tangu waliponunua gari, akautazama usukani usio na mtu. Alikaa hivyo mpaka lori moja likapiga honi nyuma yake, ndipo akahamia upande wa dereva na kuondoka.