Siku Niliyowaomba Viwavi Msamaha

Bado naiona, mwanangu, siku niliyofika Okaya miguu imevimba. Kutoka Kisangani nilikuwa nimeteremka mto kwa boti majuma matatu hadi Kinshasa, nikapanda ndege, kisha treni ikanipitisha milimani mpaka mji huo mdogo wa Japani, kando ya ziwa. Nilikuwa kijana, na kila mahali nilipokaa palinichosha upesi.

Zamani mji mzima uliishi kwa hariri. Viwanda vingi vilikuwa vimefungwa, lakini Mama Fumi, mjane aliyenipa kazi na chumba, bado alifuga viwavi darini. Mimi niliwakatia majani ya mforosadi. Walipoanza kula wote pamoja, nilisikia mvua juu ya mabati. Nilichungulia nje: jua kali. Na kutoka kifuko kimoja alichojifungia kiwavi, kidogo kama karanga yenye ganda, mama yule alivuta uzi mmoja ambao ungeweza kuvuka mto wetu hadi Lubunga, ng'ambo ya mji wetu.

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alicheka kwenye simu. "Donc umevuka bahari yote ile juu ya mbinzo? Huku tunazikulaka, weye unazilisha?"

Nami nikacheka, maana mbinzo ni viwavi tunaowala kwetu. Mama Fumi aliwaita viwavi wake kwa heshima, kama sisi tunavyomwita papa mkubwa, kaka wa baba, nikadhani ni mchezo wa kizee. Sikuuliza.

Jioni moja mbu walinisumbua. Nikawasha dawa ya mbu, ile ya duara, kama tufanyavyo wote nyumbani. Moshi ukapanda darini. Asubuhi yake ile mvua ya darini haikusikika. Viwavi walikuwa wamejikunja, wamekufa, na hariri ya msimu mzima imekwenda nao.

Nilifunga mizigo, nikingoja kufukuzwa. Yeye aliwakusanya kwenye kitambaa cheupe, akanipeleka hekaluni, mbele ya jiwe refu. Watu wa mji walilisimamisha kuwaombea viwavi waliokufa kwa ajili ya kazi yao ya hariri. Jiwe, mwanangu, kwa ajili ya mdudu. Akainama muda mrefu.

"Mimi nimeshasema yangu," akaniambia. "Sasa sema nao wewe."

Nikapiga magoti, mimi mla mbinzo. "Munisamehe," nikasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Sikuuliza."

Hakunifukuza. Nilikaa hadi viwavi wengine wakafunga vifuko vyao, kisha miguu ikaanza kuniwasha tena, ikitaka safari. Siku niliyoondoka kabisa, Mama Fumi alinisindikiza stesheni. Treni ilipotokeza, akaniuliza, "Nikifika kwenu, nisifanye nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, popote nilipotembea. Nikamjibu, "Usipite mbele ya mtu bila kumsalimia." Akayarudia maneno hayo polepole, mara mbili, kama mtu anayesafiri kesho.

Basi nawe, mwanangu, ukifika kwa watu, kabla hujawasha kitu chako, uliza ni nani anayeishi juu ya dari yao. Mungu akutangulie njiani, na kila mlango utakaobisha umkute wa kukujibu.