Taulo la Bosi wa Baba

Mwezi uliopita nilikuwa Japani kwa kazi, na wenyeji wangu wakanipeleka kucheza gofu. Mzee mmoja wa kundi letu aliingiza mpira shimoni kwa pigo moja. Siku iliyofuata akatugawia sote taulo jipya. Nilipolinusa tu, nikajikuta tena utotoni, mtaa wetu wa Shauri Moyo, Nairobi.

Alasiri ile nyundo za mafundi wa mabati zilikuwa zikigonga kama kawaida. Baba, aliyekuwa dereva wa Mjapani mmoja huko Industrial Area, aliingia na taulo jeupe linalonukia maua.

"Bosi amegawia kila mtu," akasema. "Amepiga mpira mara moja tu, ukaingia shimoni."

Nilimwonea huruma sana bosi huyo. Kwetu, shimo lilikuwa mtaro wa majitaka, na aliyetumbukiza mpira humo aliwaomba wenzake wote msamaha. Nikaenda kuchukua mpira wangu wa makaratasi na kamba, mpira pekee kwenye laini yetu ya nyumba, nikampa Baba.

"Mpelekee. Mwambie asijali, hata sisi huwa inatupata."

Baba alicheka hadi akakaa chini, lakini kesho yake aliupeleka.

"Alisemaje?" nikamuuliza aliporudi.

"Aliupokea kwa mikono miwili, akainama mpaka nikaona utosi wake."

Siku hizi gofu naijua, na najua yule bwana alikuwa na furaha tele, kwani pigo kama hilo ni bahati adimu ambayo Wajapani huisherehekea kwa kugawa zawadi. Hata hivyo, tukilinganisha zawadi, mimi nilimshinda. Yeye alitoa taulo moja kati ya mengi. Mimi nilitoa mpira wa laini nzima.