Ngazi Niliyoinunua Kharumwa

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Natamani yangekuwa ya shemeji yangu, maana yeye hana aibu, angeyasimulia vizuri na watu wangecheka. Yalinipata mimi, mchana kweupe, na nilikuwa sijanywa kitu zaidi ya chai.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nakaa Kambarage, Shinyanga mjini, na safari zangu nyingi huishia gengeni. Lakini mfereji wa bati ulikuwa umeziba na mvua zilikaribia. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amechoka kuniona nikiazima ngazi kwa majirani.

"Nenda dukani, Baba Neema," akasema. "Chagua ngazi ya aluminiamu, ile ya kuvuta. Tazama kulabu zinashika, kamba haijachakaa, miguu ina mpira. Usiniletee mtumba."

Nikamletea mtumba. Mtu mmoja alinidokeza kwamba huko Kharumwa wachimbaji wanahama kukimbilia dhahabu mpya upande wa Masumbwe, na vitu wanauza kwa bei ya kutupa. Nani angeacha? Nikavaa viatu vyangu vya kanisani ili nionekane mnunuzi wa maana, nikaenda.

Muuzaji aliitwa Jilala, mchangamfu sana. Ngazi yenyewe ilikuwa imesimamishwa ndani ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia. Nikaichungulia kwa juu kama fundi: kulabu sawa, kamba sawa. Jilala akaenda kuwahimiza wenzake waliokuwa wanafunga mizigo. Nikabaki peke yangu mdomoni mwa duara, na hapo soli ya kiatu changu cha kulia ikabaki kwenye tope. Pembeni palikuwa na kandambili kuukuu, moja imefungwa kwa waya. Nikadhani zimetupwa. Nikazivaa.

Sikujua desturi yao. Ningeijua wapi, kwenye kochi langu? Pale kila anayeshuka huacha kandambili zake mdomoni, na anayepanda huvaa zake. Hawaandiki majina. Wanatazama chini tu: kandambili zikiisha, watu wameisha.

Jilala akarudi. Mimi nikasogea nyuma ya pikipiki iliyonileta nikaficha miguu kwenye majani, maana niliona aibu mnunuzi wa maana kuvaa kandambili ya waya. Akatazama pale mdomoni. Akaita mara moja, "Oyaa!" Kimya. "Wote wametoka," akasema, akavuta ngazi.

Niamini, nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kesho yake saa kumi jioni nilikuwa juu ya bati nazibua mfereji. Mama Neema alikuwa kwaya. Nikahisi ngazi inatikisika. Nikatazama chini, nikaona mwanamume ameshika miguu ya ngazi kwa mikono miwili. Amepakaa tope la kijivu mpaka kwenye nyusi, ana kovu kidevuni, hana viatu.

"Mwadila, baba," akanisalimu Kisukuma, kwa adabu kabisa.

Sikumjibu. Unajua kwa nini? Nilidhani ametumwa kunidai ngazi.

"Nishushie ngazi, nipande," akasema.

Mtu amesimama ardhini, ngazi iko mkononi mwake, anataka ishushwe! Na alinitazama kama mtu anayetazama kitundu cha mwanga kilicho mbali sana.

"Ngazi hii ni ya dukani," nikamwambia. "Risiti ninayo." Sikuwa nayo.

"Na kandambili?"

"Za mke wangu."

Akatikisa kichwa polepole. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

"Haya, baba. Nitangoja hapa hapa chini."

Nikageuka kushika ukingo wa bati nisianguke. Nilipotazama tena, uwanja ulikuwa mtupu na geti limefungwa kwa komeo la ndani, kama nilivyoliacha. Nilikaa juu ya bati mpaka Mama Neema aliporudi na kuniuliza kama nimeamua kutaga. Vidato vya chini vya ngazi vilikuwa na tope bichi. Mvua ilikuwa bado haijanyesha hata tone.

Kuanzia hapo nilifuta tope lile kila asubuhi, na kila asubuhi lilikuwepo tena. Ungefanya nini wewe? Ungempigia Jilala siku ile ile. Mimi nilikaa siku tatu. Niliogopa nikisema nitaambiwa nirudishe ngazi, na Mama Neema atacheka mwaka mzima. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Siku ya tatu nikapiga simu. Nikamweleza Jilala yule mtu, lile kovu.

"Huyo Masanja," akasema. "Alitutangulia Masumbwe. Kandambili zake hazikuwepo mdomoni, nilitazama mwenyewe." Kisha akaniuliza, taratibu, "Umemwona wapi?"

Hapo ndipo aliponieleza ile desturi. Nilikuwa nimezivaa mimi, na hilo sikumwambia.

Nikakodi gari, nikapeleka ngazi usiku ule ule. Jilala na wenzake wakashuka alfajiri, wakamkuta kwenye mchirizi, yaani njia nyembamba iliyochimbwa ubavuni mwa duara, ambako alikuwa akichimba Jilala alipoita. Mchimbaji mmoja mzee, aliyekwisha kutoa wengi mashimoni, akamgusa shingo na mkono, akasema, "Huyu ni wa jana."

Wa jana, yaani alikuwa amekufa jana yake tu. Basi aliponisalimu alikuwa hai. Kama angekuwa amekufa, ningesema nimeona mzimu nikalala. Lakini mtu aliye hai shimoni Kharumwa alifikaje uwanjani kwangu, na mimi nikamdanganya usoni?

Zile kandambili nilizichoma. Msibani watu walimlaani aliyeziiba, nami nikaitikia amina pamoja nao. Mama yake Masanja aliambiwa kwamba bila mimi mwanawe asingepatikana hata kuzikwa. Akanichinjia kuku. Nikala. Nilikula hata paja.

Mpaka leo hunipigia simu kila Jumapili. Ananiita mwanangu, ananiuliza nyumbani hawajambo, ananiombea. Kila Jumapili nafungua mdomo nimwambie, halafu namjibu, "Hawajambo, mama, sisi wazima." Yeye hajui kusoma, ndiyo maana nimethubutu kuandika haya.

Wewe unayekwenda kununua ngazi, kagua kulabu, kagua kamba. Ukiikuta imesimama shimoni, usikubali ivutwe kabla mtu hajashuka nayo mpaka chini na kupanda tena. Na akitokea mtu asiyeeleweka akakuomba kitu kidogo, mpe kwanza. Maswali utamuuliza akiwa amekwisha kupanda.