Dakika Kumi za Mama Waya

Jirani yetu tunamwita Mama Waya. Ni fundi redio, vidole vyake vimejaa alama ndogondogo za kuungua. Paneli za jua ziko kwenye paa lake, na kutoka hapo waya zinaingia nyumba saba. Ukutani kwake kuna kisanduku cha taa. Ikiwaka kijani, kila mtu atumie. Ikiwaka njano, umeme ni wa wenye kazi tu: kinyozi, fundi cherehani na yeye mwenyewe. Hakuna anayemchunguza mwenzake. Tunaaminiana.

Mimi nilihamia na mtoto wa miezi minane mwenye pumu. Mashine yake ya kumpulizia dawa kwa mvuke niliificha chini ya kitanda, nikiogopa kuambiwa mgeni kaja kutumalizia umeme. Nilikuwa naiwasha kimyakimya jua likiwa kali.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya tatu kifua cha mwanangu kikaanza kupiga mluzi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nikachomeka mashine. Ikakoroma kidogo, ikazimika; umeme haukutosha.

Nilikimbia kwa Mama Waya nimembeba, nikakiri yote hapo hapo mlangoni. Nilijua atanisema. Alimtazama tu mtoto, akauliza mashine inataka dakika ngapi. Nikamwambia kumi. Akazima redio aliyokuwa akiitengeneza, akatoka mvuani kichwa wazi.

“Jamani, zimeni kila kitu. Kuna mtoto anatafuta pumzi.”

Cherehani ikanyamaza. Kwa kinyozi alikuwepo mzee kanyolewa upande mmoja. Nilipopita nikirudi nyumbani nilimwomba radhi.

“Nenda, mwanangu,” akasema. “Mke wangu hanitambui hata nikinyolewa kichwa chote.”

Safari hii mashine ilishika. Nikamwekea mtoto kikombe cha mvuke puani, nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia: nyumba saba zimetulia kabisa, mvua juu ya bati, na mashine yangu peke yake ikinguruma. Umeme wa watu wote hao ulikuwa unapita kwenye kamrija kembamba kuliko kidole changu, unaingia kwenye kifua cha mwanangu. Polepole mbavu zikatulia, mluzi ukafifia, akafumba macho.

Dakika kumi zilikwisha, zikapita na nyingine nyingi. Hakuna aliyewasha chochote mpaka nilipotoka mlangoni kuwaambia amelala.